Hakikufichwa Kitabuni, Kimefichwa Kwenye Bei

Kuna msemo nimechoka kuukuta. Uko kwenye magrupu ya WhatsApp, uko kwenye hotuba za wageni rasmi, uko hata kwenye mahafali ya shule: ati ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Watu wanacheka, wanapiga makofi, wanausambaza. Mimi nasema msemo huu ni uongo, tena ni uongo wenye faida kwa mtu. Unamfaidi kila anayetuletea kitabu kwa bei ya London kisha anajifanya kushangaa mbona hatununui. Kitu hakikufichwa kitabuni, jamani. Kimefichwa kwenye bei.

Tupige hesabu, maana wapenda msemo hawapendi hesabu. Riwaya ya jalada laini nchini Uingereza aghalabu huandikwa bei ya pauni 9.99 au karibu na hapo. Aprili 2024 kima cha chini cha mshahara kule kilipandishwa hadi pauni 11.44 kwa saa. Maana yake mfagiaji wa London, mtu wa mshahara wa chini kabisa, anakipata kitabu kile kwa jasho la muda usiofika saa moja. Abiri nacho sasa mpaka Dar es Salaam. Pauni zile kumi ni zaidi ya shilingi elfu thelathini, na hapo hujaweka nauli ya mzigo wala faida ya mwenye duka. Chukua kijana anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 26 za kazi, anapata kama 11,500 kwa siku. Kitabu kimoja ni karibu siku tatu nzima. Siku tatu asile, asipande daladala, asiweke kando ya kodi ya chumba. Halafu anatokea mtu na kipaza sauti anamwambia hapendi kusoma!

Najua jibu linalokuja: "Mbona bia wananunua? Mbona bando wananunua?" Naam, wananunua. Na jibu limo humo humo ndani ya swali. Soda ya kampuni kubwa ya Kimarekani haiuzwi Mbagala kwa bei ya New York. Inajazwa hapa hapa, kwenye chupa inayorudishwa, kwa bei iliyopimwa mfuko wa mtu wa Mbagala. Kampuni za simu zinauza bando la siku moja kwa sababu zinajua wateja wao wanapata hela kwa siku. Kila mfanyabiashara mwenye akili anayeingia soko letu anauliza kwanza: huyu ana shilingi ngapi mfukoni? Muuza riwaya peke yake ndiye anayefika na bei aliyotoka nayo kwao, na asipouza analaumu utamaduni wetu.

Tena si kwamba wachapishaji wakubwa hawajui kupanga bei kwa kila nchi. Wanajua sana. Chukua toleo la India la riwaya yoyote inayovuma, mgongoni utakuta onyo kwamba kitabu hiki kiuzwe Bara Hindi tu. Maneno ni yale yale, kurasa ni zile zile, pengine karatasi nyepesi kidogo, na bei mara nyingi ni nusu ya ile ya London au chini yake. Kwa nini? Kwa sababu kinachapwa kule kule, wasomaji ni wengi, na mchapishaji anajua akileta bei ya London Delhi hatauza kitu. Wanafunzi wetu wa udaktari na uhandisi wanavijua vitabu hivi vya India kama wanavyoyajua majina yao, maana ndivyo vilivyowasomesha.

Kuna kesi moja mpenzi wa vitabu anapaswa kuijua. Kijana wa Thailand, Supap Kirtsaeng, alikuwa akisoma hisabati Marekani. Akaona kitabu kile kile cha chuo kinauzwa bei ndogo kwao na bei ya kutisha Marekani. Akawaambia ndugu na marafiki wamnunulie Thailand, wamtumie, naye akaviuza Marekani na kubaki na faida. Wachapishaji John Wiley & Sons wakamshtaki, na baraza la mahakama likamtaka alipe dola 600,000. Akakata rufaa mpaka juu kabisa, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi, majaji sita kwa watatu: kitabu kikishauzwa kihalali, hata kama kilichapwa ng'ambo, aliyekinunua ana haki ya kukiuza. Mimi siisimulii kesi hii kwa ajili ya sheria ya Marekani. Naisimulia kwa sababu ilianika jambo moja hadharani: bei ya kitabu haipangwi na karatasi wala wino. Inapangwa na mtu aliyekaa mezani akauliza, nchi hii naweza kuikamua kiasi gani?

Sasa kama India inapimiwa bei yake, na Thailand yake, sisi tumekosa nini? Hapa ndipo historia inapoingia. Mwandishi akiuza riwaya yake London, mkataba hutaja haki za maeneo, yaani nani ana ruhusa ya kuuza kitabu nchi gani. Na desturi ya muda mrefu ni kwamba mchapishaji wa Uingereza anachukua Uingereza pamoja na orodha ndefu ya nchi zilizokuwa makoloni yake. Mwaka 1947 wachapishaji wa Uingereza waliliweka jambo hili kuwa makubaliano rasmi baina yao, nayo yalidumu mpaka 1976, baada ya serikali ya Marekani kwenda mahakamani kuyapinga. Makubaliano yalikufa, mazoea yakabaki. Mpaka leo Kenya, Uganda na Tanzania huwa zimo kwenye mkia wa orodha ile, zimefungwa kwenye furushi moja na London. India imejitoa furushini kwa nguvu ya soko lake. Sisi tumo bado, na kwa kuwa tumegawanyika vipande vipande hakuna anayeona haja ya kutufungulia.

Mfano unaouma kuliko yote ni wa nyumbani. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, mitandao ya Tanzania na Zanzibar iliwaka moto. Ni Mtanzania, si Mtanzania, ni wetu, si wetu. Tulibishana wiki nzima juu ya pasipoti ya mtu. Swali ambalo lingetufaa halikuulizwa: kitabu chake kinauzwa wapi hapa, na kwa shilingi ngapi? Alikuwa ameandika riwaya kumi, ya kwanza ikiwa imetoka 1987, na Mzanzibari wa kawaida hakuwa na njia ya kuzipata isipokuwa kwa bei ya mtalii. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatoa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya *Paradise*. Hapo ndipo Gurnah alipofika nyumbani. Si kwa tuzo wala kwa mahojiano, bali kwa kitabu kilichochapishwa na watu wa hapa, kwa lugha ya hapa. Lakini hesabu miaka: *Paradise* ilitoka 1994, *Peponi* ikaja 2022. Miaka 28 tumengoja hadithi ya pwani yetu wenyewe itufikie.

Nisije nikaonekana nalaumu wazungu tu. Serikali zetu nazo zina mkono. Uingereza ilipoanzisha VAT mwaka 1973 iliviweka vitabu kwenye asilimia sifuri, na vimebaki hapo. Mei 2020 wakaviongeza na vile vya kielektroniki. Kenya, mwaka 2013, ilitunga sheria mpya ya VAT iliyovitoa vitabu kwenye sifuri na kuvitoza asilimia 16. Hebu litafakari hilo polepole. Nchi tajiri inasema kitabu kisitozwe, nchi inayolia kwamba watu wake hawasomi inasema kitozwe. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1950, ule wa Florence, unazuia nchi zilizoukubali kutoza vitabu ushuru wa forodha, lakini kodi za ndani zina mlango wake, na mlango huo ndio tuliopitia. Waziri anayesimama kwenye tamasha la vitabu akasifia usomaji, ilhali serikali yake inachukua shilingi 16 juu ya kila 100 ya kitabu, anatufanyia mzaha.

Na sisi wa Kiswahili je? Hapa nataka tuongee kama watu wa nyumba moja. Tunajisifu lugha yetu haina mipaka, kumbe kitabu chake kinasimamishwa Namanga. Hakikuwa hivi tangu mwanzo. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanza miaka ya 1940 kabla ya uhuru, lilichapisha kwa ajili ya nchi zote tatu. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, Mtanzania wa Ukerewe, ilitoka chini ya shirika hilo mwaka 1971. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na shirika lile likagawanyika. Jumuiya imefufuka, maparachichi na saruji vinavuka. Soko la vitabu halijafufuka.

Ndiyo maana tuna vituko kama hivi: Shafi Adam Shafi ni Mzanzibari, *Vuta N'kuvute* yake ilitoka Dar, *Haini* ikatoka Nairobi. Msomaji wa Unguja anayetaka kumsoma mwandishi wa mtaa wake kwa ukamilifu anahitaji maduka ya nchi mbili. Said Ahmed Mohamed vivyo hivyo, riwaya zake nyingi zilitoka Nairobi. Kitabu cha Nairobi kikifika Dar kimeshalipiwa usafiri, kimeshabadilishiwa fedha, kimeshapita mikono miwili mitatu, na kila mkono umeacha alama yake kwenye bei.

Juu ya hapo kuna idadi ya nakala. Kumhariri mwandishi, kupanga kurasa, kuchora jalada, gharama hizo ni zile zile uchape nakala elfu moja au elfu thelathini. Tuseme kwa mfano maandalizi yamekula shilingi milioni sita. Ukichapa elfu moja, kila nakala imebeba shilingi 6,000 kabla hujanunua karatasi. Ukichapa elfu thelathini, kila nakala imebeba shilingi 200. Ndiyo siri ya kitabu cha kiada. *Siku Njema* ya Ken Walibora au *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed zilipochaguliwa kutahiniwa Kenya, zilichapwa kwa wingi na zikafika kila kijiji. Kitabu kisichochaguliwa kinachapwa kidogo, kinakuwa ghali, kinauzwa polepole, kinakwisha, hakirudiwi. *Nagona* na *Mzingile* za Kezilahabi, vijitabu vyembamba vilivyobadilisha riwaya ya Kiswahili, 1990 na 1991, wengi wetu tumevisoma kwa fotokopi. Fasihi yetu bora inasomwa kwa fotokopi! Na uhakiki wake unaandikwa juu ya kurasa zilizokatika mstari wa chini.

Basi wapenzi wa vitabu tunaishije? Kwa ujanja, kama kawaida yetu. Kuna wa mtumba, wanaoinama pembeni mwa barabara za katikati ya Dar na Nairobi. Nairobi wenyewe wameyabatiza maduka hayo "inama". Mkusanyaji mzoefu hakimbilii anachokitaka. Anashika vitatu asivyovitaka, anauliza bei zake, analalamika kidogo, ndipo anakigusa kama bahati mbaya kile kitabu cha Tanzania Publishing House alichokitafuta miaka mitano, uso mkavu kama wa mcheza karata. Muuzaji akiona macho yameng'aa, bei imepanda.

Kuna wa msafiri. Shangazi anatoka Birmingham, mjomba anatoka Maskati, unamtumia ujumbe: nibebee kitabu kimoja tu. Unajua begi lina kilo 23, unajua kuna viatu vya watoto na dawa za bibi, lakini unaomba. Kuna wa basi, anayemlipa jamaa Nairobi, jamaa anafunga bahasha na kumkabidhi utingo, na wewe unangoja stendi saa tano usiku kama unayempokea mkwe. Kuna wa upatu: watu kumi wanachanga, kinanunuliwa kitabu kimoja, inapigwa kura nani aanze, kila mtu wiki moja, na ole wake anayekunja kona ya ukurasa. Na kuna wa PDF, ambaye hasemi aliipata wapi.

Nawapenda watu hawa, nami ni mmoja wao. Ndio ushahidi wangu dhidi ya ule msemo. Watu wasiopenda kusoma hawangoji basi saa tano usiku. Lakini lazima tuambiane ukweli: ujanja wetu umekuwa dawa ya kutuliza maumivu, ugonjwa tumeuacha. Tunasimuliana jinsi tulivyokipata kitabu kwa bei ya kutupa, tunapongezana, na bei yenyewe inabaki pale pale kwa yule asiye na shangazi Birmingham. Halafu tukumbuke: kitabu cha mtumba hakimpi mwandishi hata senti. PDF vilevile. Bei kubwa haimlishi mwandishi, inamnyima wasomaji elfu kumi ambao kila mmoja angempa kidogo.

Kuna watakaosema wachapishaji nao wanahitaji kuishi, na bei ikishuka watafunga. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama bei ya sasa ingekuwa inawaweka hai. Vitabu vinapauka madirishani kwa jua. Na mfano wa kinyume chake tunao, tena si wa jana. Mwaka 1972 Tanzania Publishing House na Bogle-L'Ouverture ya London walichapisha kwa pamoja kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kitabu kimoja, nyumba mbili, kila moja na soko lake. Mwaka 1992 Henry Chakava na wenzake waliinunua Heinemann ya Kenya ikawa East African Educational Publishers, na ndiyo maana Ngũgĩ wa Thiong'o anachapwa Nairobi. Farafina ya Lagos ilitoa matoleo ya Nigeria ya Chimamanda Ngozi Adichie. *Dust* ya Yvonne Owuor na *Kintu* ya Jennifer Makumbi zilianzia Kwani? ya Nairobi kabla ya kwenda ng'ambo. Inawezekana, imefanyika, inataka kuamuliwa tu.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Mwandishi wa Afrika Mashariki unayetia saini London au New York: toa nchi zetu kwenye lile furushi. Mwambie wakala wako haki za Afrika Mashariki, na haki ya tafsiri ya Kiswahili, zibaki mkononi mwako, umuuzie mchapishaji wa hapa. Hutapoteza kitu, maana soko lenyewe hawalitumii. Wachapishaji wetu: acheni kusafirisha katoni ishirini kwa lori kama mnapeleka mayai. Peaneni leseni. Cha Nairobi kichapwe Dar, cha Dar kichapwe Nairobi, mgawane. Serikali ya Kenya: ondoeni ile asilimia 16, na nyinyi wengine msiige. Wizara za elimu: nunueni nakala kwa maktaba za umma, si kwa mitihani peke yake, maana agizo la nakala elfu tano linatosha kushusha bei ya kitabu kizima.

Na sisi wasomaji? Toleo la hapa likiwepo tununue hilo, hata kama lile la ng'ambo lina jalada la kupendeza zaidi kwenye picha. Tuulize madukani kwa nini kitabu fulani hakipo, tuulize tena wiki ijayo. Na siku mgeni rasmi atakaposimama tena na msemo wake wa kumficha Mwafrika kitu, tusipige makofi. Mmoja wetu anyooshe mkono, amwulize kwa heshima zote: mheshimiwa, hicho kitabu unachokisema, bei gani?